Kiangazi kikikaza Lubumbashi: tununue kamyo za pompiye (zimamoto), au tunajiandaa kwa moto usio wetu?

Mwana_Annexe · Jumatatu 19:42

Jambo wakubwa. Tuliongee hili kabla mwezi wa nane haujafika.

Kila tukitaja zimamoto hapa Lubum, watu wanafikiria soko, depo ya mafuta, nyumba iliyoungua kwa sababu ya waya. Moto unaoingia mjini kutoka msituni hakuna anayeupangia. Komini Annexe imezizunguka zile sita nyingine, na mji unazidi kujisukuma ndani ya msitu wa miombo. Nyumba imeisha leo, nyuma yake kuna majani marefu kuliko mutu, na yanakauka kuanzia mwezi wa sita.

Mvua ya 2023-2024 ilipungua, ikatupa somo. Jirani zetu Zambia walitangaza maafa ya taifa kwa ajili ya ukame mwezi wa tatu 2024. Mwaka kama ule ukirudi, sisi tuanze na nini: kamyo, maji, au watu? Mimi nasema kamyo. Nipingeni.

Kasumbalesa_Boy · Jumatatu 19:58

Ilikuwa 29 Februari 2024, si mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ni Malawi, Zimbabwe wakafuata mwezi wa nne. Endelea mukubwa.

Fundi_Mabomba · Jumatatu 20:10

Nakupinga kwa hesabu. Kamyo yenye lita 5,000, ukifungua mpira mkubwa unaotoa lita 500 kwa dakika, dakika kumi imeisha. Halafu inarudi kutafuta maji. Wapi? Maji ya bomba kwenye karitiye (mitaa) mpya hayafiki au yanafika usiku wa manane, na mito mwezi wa tisa unaijua.

Tena kamyo ya mji ina tani zaidi ya kumi na magurudumu ya lami. Ipeleke kwenye njia ya vumbi yenye mifereji uone kama haitalala ubavu. Kwa moto wa majani wengine wanatumia pick-up yenye tanki la lita mia tano hivi, pampu ndogo na mpira mwembamba. Maji kidogo, lakini yanafika mahali pake.

YaMado_Katuba · Jumatatu 20:31

Yambo. Mimi niulize: ile moto inatokeaka wapi? Munaongea kamyo, munaongea maji, kama vile moto inajiwasha yenyewe. Ni bantu! Kule nyuma ya Kasapa, kiangazi ikifika, batoto banachomaka majani juu ya panya. Moto inapita, matundu inaonekana, banachimba. Nani hapa hakulaka panya? Asitudanganye.

Anzeni na bale batoto, kisha muje kuongea pampu.

Mwenye_Makala · Jumatatu 20:44

Aksanti Ya Mado kwa kutaja panya, maana najua post inayofuata ingekuwa "ni wachoma makala". Kila mwaka ni sisi.

Tanuru ya makala imefunikwa kwa udongo. Kazi yake yote ni kuzuia hewa isiingie. Moto ukipata tundu, miti yangu inageuka majivu na mimi nimelala njaa. Ndiyo maana kabla ya kuwasha nafyeka kuizunguka, na usiku ninalala pale pale kuchunga. Msitu ukiungua wa kwanza kupata hasara ni mimi.

Agro_Unilu · Jumatatu 21:02

Mwenye_Makala, tanuru hatukusingizii. Lakini matawi je? Unakata gogo, unachukua shina, vilele na matawi madogo vinabaki chini vikauke. Tena mwavuli wa miti ukiondoka jua linafika chini, majani yanapata nguvu. Moto ukipita msitu mzima wa miombo unakuwa mfupi. Ukipita pale ulipokata unapanda hadi kwenye matawi ya miti iliyobaki.

Lingine kwa wote. Ukame hauleti moto mkubwa moja kwa moja. Mvua ikiwa mbaya, majani yanaota kidogo, kwa hiyo kuni za moto zinapungua. Sehemu kavu za Afrika, mwaka wa moto mwingi ni ule unaofuata mvua nzuri. Kwetu tunaopata karibu milimita 1,200 kwa mwaka mambo yanageuka, kwa sababu majani hayakosekani hata mvua ikipungua. Kinachobadilika ni yanakauka lini na yanakauka kiasi gani. Mvua ikikatika mapema, msimu wa moto unarefuka kwa mbele.

Mwana_Annexe · Jumatatu 21:09

Prof, kwa hiyo ukame ni mzuri au mbaya? Nijibu kama mutu wa Katuba.

Agro_Unilu · Jumatatu 21:15

Mbaya. Lakini si kwa sababu unayoifikiria.

Wa_Virunga · Jumatatu 21:20

Salamu kutoka Goma. Ninyi mnalia moto wa majani? Sisi wetu unatoka chini ya ardhi. 22 Mei 2021 hakuna kamyo iliyoulizwa chochote 😂

YaMado_Katuba · Jumatatu 21:23

Wee wa Goma, hii uzi ni ya Lubum. Rudia ku volkano yako.

Bukavu_Juu · Jumatatu 21:40

Mwacheni, ana pointi bila kujua. Kwetu Bukavu nyumba za mbao Kadutu zimeshonana mlimani, moto ukianza kamyo inabaki chini barabarani na watu wanapokezana ndoo. Tatizo la Fundi_Mabomba ni lile lile kwa sura nyingine: chombo kipo, njia haipo. Mtu akinipa pesa leo ningefungua njia kabla ya kununua kitu chochote chenye injini.

Ndola_Side · Jumatatu 22:05

Jambo. Niko upande wa Zambia, Kiswahili changu nilikiokota mpakani, mnisamehe.

Hapa Ndola kuna majaribio ya moto yaliyoanza 1933. Waligawa msitu wa miombo: kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na unyevu, kingine kilichomwa mwisho wa kiangazi, mwezi wa kumi, kingine hakikuchomwa kabisa. Miaka ilipopita, kile cha mwezi wa kumi kilipoteza miti ikabaki nyasi. Kile cha mapema kilibaki na miti. Kisichochomwa kilifunga, kikawa msitu mzito ambao nyasi hazioti chini yake. Mtu anaitwa Trapnell aliyaandika matokeo 1959.

Kwa hiyo mnaotaka kukataza moto wote, na mnaotaka kununua kamyo, wote mmeruka hatua. Chomeni wenyewe mwezi wa tano na wa sita, asubuhi, upepo ukiwa mdogo, mkanda kati ya msitu na nyumba. Moto wa mwezi wa tisa ukija unakuta hakuna cha kula.

Mwana_Annexe · Jumatatu 22:17

Kuwaambia watu wachome ili kusiungue. Nenda ukamweleze shefu wa karitiye hivyo.

Papa_Likasi · Jumanne 06:12

Wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo hivyo, Ndola_Side, bila majaribio. Baba yangu alichoma kuzunguka kijiji mapema, na sehemu ya viwavi wa kula aliichoma kwanza taratibu ili moto mkali wa baadaye usiikute. Hukuruhusiwa kuwasha bila mzee mwenye ardhi kusema. Tatizo la leo si maarifa. Pembeni ya mji mzee mwenye ardhi hayuko tena. Kuna parseli (viwanja) mia mbili, wenyewe nusu wako Kinshasa, nusu hawajulikani, na majani yanaota kwa wote.

Mama_Kampemba · Jumanne 06:50

Papa Likasi umesema lile ambalo watu wanaliogopa. Parseli tupu. Kwetu moto haukutoka msituni hata kidogo. Mtu alikuja kusafisha parseli yake Jumamosi, akakusanya majani katikati, akawasha, akaenda kununua maji ya kunywa. Saa nane mchana! Upepo wa mwezi wa nane unaujua. Ulipita parseli mbili tupu, ukala jiko langu la nje, ukuta wa matete na kuku. Nyumba ilisimama kwa sababu ni matofali na mabati. Pompiye niliwapigia, simu haikupokelewa. Walioniokoa ni vijana wa mtaani na matawi ya mwembe.

Na yule bwana alirudi na chupa yake ya maji akauliza: "Nani amechoma huku?"

Kasumbalesa_Boy · Jumanne 06:58

Hiyo ya chupa imeniua 😂😂 Pole mama kwa kuku.

Kijana_Ruashi · Jumanne 07:30

Mimi nina nadharia nyingine na mtanitukana. Wengine wanachoma kwa makusudi kwa sababu ya ardhi. Ukichoma, eneo linaonekana limesafishwa, kesho unapanda mahindi mistari miwili, keshokutwa unasema "mimi niko hapa tangu zamani". Angalieni moto mwingi unawaka wapi: pale pale ambapo mabishano ya parseli yamejaa.

Agro_Unilu · Jumanne 07:44

Hapo huwezi kutofautisha. Parseli zenye mabishano ndizo zisizolimwa, na zisizolimwa ndizo zenye majani. Zitaungua hata kama hakuna mwenye nia.

Kijana_Ruashi · Jumanne 07:46

Ndiyo maana nikasema nadharia.

Simba_wa_Umeme · Jumanne 08:20

Na radi hamjaitaja.

Papa_Likasi · Jumanne 08:24

Radi gani mwezi wa saba, mwanangu? Wingu liko wapi? Radi inakuja na mvua za kwanza kuanzia mwezi wa kumi. Kabla ya hapo kila moto una mwenyewe.

Simba_wa_Umeme · Jumanne 08:31

Sawa, basi niseme ninalolijua vizuri. Mnafikiria nyumba tu. Moto chini ya laini za umeme mkubwa ni balaa tofauti. Moshi mzito na joto vinapunguza nguvu ya hewa kuzuia umeme, na umeme unaweza kuruka kutoka waya hadi ardhini. Laini inajikata yenyewe. Ile ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina kilomita kama 1,700 za pori la kupita, na majani chini yake yanapaswa kufyekwa kabla ya kiangazi. Umeme ukikatika, pampu za maji zinasimama. Pompiye wakifika wanakuta bomba kavu. Moto wa majani mbali huko unaweza kukunyima maji ya kuzima moto wa kwako.

Fundi_Mabomba · Jumanne 08:40

Hili nalipigia muhuri. Hata Marekani wenye kila kitu, Los Angeles mwaka 2025 mabomba ya barabarani yalikauka kwa sababu ya ukame.

Diaspora_Lubum · Jumanne 09:15

Hapana kaka, tusipake rangi. Moto wa Palisades ulianza 7 Januari 2025. Maji kwenye mji yalikuwepo. Mtaa ule uko mlimani, ulitegemea matanki matatu ya galoni milioni moja kila moja, na magari yalivuta maji mengi kwa wakati mmoja kuliko mabomba yalivyoweza kupandisha. Tanki la mwisho liliisha kabla ya alfajiri ya tarehe 8. Bwawa la jirani, Santa Ynez, lilikuwa tupu kwa matengenezo. Mfumo ule ulijengwa kwa nyumba moja moja kuungua, si mtaa mzima.

Ukame uliingia kwa mlango mwingine: mvua za baridi zilikuwa hazijaanza, majani makavu, na upepo mkali ukabeba cheche mbali mbele ya moto.

Fundi_Mabomba · Jumanne 09:22

Bomba lilikauka au halikukauka?

Diaspora_Lubum · Jumanne 09:24

Lilikauka, lakini…

Fundi_Mabomba · Jumanne 09:24

Aksanti. Tuendelee.

Zamani_Mgodini · Jumanne 12:05

Nimefanya kazi kwenye kikosi cha moto cha mgodi, nimeshastaafu. Migodi ina magari mazuri, povu, watu waliofunzwa. Kwa hiyo mtu atasema mji uombe tu msaada. Sikiliza kwanza.

Gari letu lilipangwa kwa moto wa mafuta na asidi, ndani ya uzio. Likitoka nje na kitu kikatokea ndani, mkubwa wangu anafukuzwa. Tulishawahi kutoka kwa moyo mwema, bila karatasi. Tulipofika hakuna aliyejua nani anaamuru nani, redio zetu hazisikilizani na za wengine, na mipira yetu haikuingia kwenye maunganisho yao. Mipira! Kipenyo kile kile, mdomo tofauti. Tulisimama pale na maji ndani ya gari kama arusi isiyo na bibi harusi.

Kwangu matayarisho ni mkataba uliosainiwa kabla ya kiangazi: mji, migodi, uwanja wa ndege wa Luano. Nani anatoka, nani anabaki, nani anaamuru, nani analipa mafuta. Na kila gari liwe na kiunganishi cha mdomo wa mwenzake. Hicho kipande cha chuma ni bei ndogo kuliko tairi moja la kamyo mnayoiota.

Mwana_Annexe · Jumanne 12:20

Mzee hii nimeiweka kwenye simu. Lakini ona, bado unahitaji magari.

Jicho_la_Juu · Jumanne 13:40

Mnaweza kuona moto wote bure. NASA wana ramani inaitwa FIRMS, inafunguka kwenye simu, inaonyesha nukta nyekundu ndani ya saa tatu hivi tangu satelaiti ipite. Satelaiti zenye kifaa cha VIIRS zina nukta za upana wa mita 375. Nimeangalia sasa hivi, Katanga nzima ni ukurutu. Pia mjini, nukta karibu na kati kati ya mji! Nani yuko kule athibitishe?

Zamani_Mgodini · Jumanne 13:52

Satelaiti inaona joto, haioni majani. Tanuru ya kuyeyushia madini nayo ni joto. Ukiona nukta inayorudi mahali pale pale mvua na kiangazi, usimpigie pompiye.

Jicho_la_Juu · Jumanne 13:58

Basi naomba mtu aniambie zile zinazorudi ziko wapi niziweke alama. Zilizobaki ndizo za kufuatilia.

Agro_Unilu · Jumanne 14:10

Hiyo ni kazi nzuri, ifanye. Lakini satelaiti za VIIRS zinapita kwetu mchana saa saba na nusu hivi na usiku saa saba na nusu. Moto uliowashwa saa tisa mchana kwenye majani makavu utakuwa umemaliza kazi. Kwa kujua tabia ya moto kwa miaka, ni dhahabu. Kwa kumwokoa Mama Kampemba, hapana.

Dar_Kwa_Muda · Jumanne 15:30

Kilimanjaro Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi, watu mamia walipanda kuuzima, wengi wakiwa na matawi na majembe. Ukame pia. Na kule Afrika Kusini 2020 moto wa Table Mountain uliteremka ukaunguza maktaba ya chuo kikuu cha Cape Town. Mji mkubwa, helikopta zote.

Diaspora_Lubum · Jumanne 15:36

Cape Town ni 18 Aprili 2021. Mengine sawa. Na Afrika Kusini wana kitu cha kuiga: Working on Fire, tangu 2003. Vijana wasio na kazi wanafunzwa, wanapewa nguo na mshahara. Nje ya msimu wanafyeka na kuchoma mikanda, ndani ya msimu wanazima. Wameshatumwa hadi Kanada kusaidia.

YaMado_Katuba · Jumanne 15:50

Njo ile nilisema! Chukueni bale batoto ba panya. Banajua moto kushinda bakubwa ba biro. Banajua upepo inatoka wapi, banajua moto itasimama wapi. Mubape bottes (buti) na pesa ya bukari (ugali), kazi itafanyika.

Zamani_Mgodini · Jumanne 16:15

Ya Mado nakubaliana, kwa sharti wafunzwe. Watu wanakufa kwa moto wa majani kwa sababu unaonekana mdogo. Usisimame mbele yake ukiwa na majani nyuma yako. Anzia nyuma, kwenye sehemu iliyokwisha kuungua, fuata ubavu wake, piga ukielekea kichwa. Upepo ukigeuka, unarudi kwenye majivu, na majivu hayaungui mara mbili. Usivae jezi ya nailoni hata kama ni ya Mazembe, itayeyukia ngozini. Vaa pamba na kiatu cha ngozi. Pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia mimea dawa, inabeba lita 15 hadi 20 na inatosha kumalizia vigogo baada ya wenzako kupiga. Na kazi nzito ifanyike usiku au alfajiri, hewa ikiwa na unyevu. Saa nane mchana linda nyumba tu, msitu uache.

Kasumbalesa_Boy · Jumanne 16:21

Jezi ya Mazembe haiungui mzee, ina baraka.

Mama_Kampemba · Jumanne 17:05

Nani atawalipa hao vijana? Mji utasema ni jimbo, jimbo litasema ni mji, komini itasema leteni kila nyumba franga kidogo. Na pesa ya kila nyumba tunajua inakoishia. Kwetu sisi wamama wa avenyu tumekubaliana jambo moja tu: mwezi wa tano kila mwenye nyumba anafyeka na parseli tupu iliyo jirani yake, mwenyewe awepo asiwepo.

Kijana_Ruashi · Jumanne 17:12

Halafu mwenye parseli anakuja kusema umeivamia ardhi yake.

Mama_Kampemba · Jumanne 17:14

Aje. Namsubiri na bili ya kuku.

Ndola_Side · Jumanne 18:30

Kufyeka bila kuondoa majani ni kuyalaza tu, yanakauka vizuri zaidi. Yaondoeni au yachomeni mapema kidogo kidogo, watu wakiwepo.

Mwenye_Makala · Jumanne 18:47

Au nipeni vigogo niwasaidie 😄 Ila kuhusu matawi, Agro: mimi nikiyatoa yote msituni nani ananilipa siku hiyo ya kazi? Anayenunua makala mjini anataka gunia bei ile ile.

Agro_Unilu · Jumanne 18:55

Hilo sina jibu lake.

Mwana_Annexe · Jumanne 19:20

Nimesoma yote. Msimamo wangu umebaki kamyo, lakini iwe ya Fundi_Mabomba, ndogo, yenye kupita kwenye vumbi. Na ile karatasi ya Zamani_Mgodini. Mambo ya kuchoma mapema bado yananitisha: watu wenye chupa ya maji watachoma wakisema "tumeambiwa".

Ndola_Side · Jumanne 19:33

Wanachoma hata sasa. Tofauti ni mwezi gani.

Jicho_la_Juu · Jumanne 20:02

Nimeanza kuweka alama. Nina nukta tatu zinazorudi zilezile. Moja najua ni kiwanda. Nyingine iko upande wa kutoka kwenda Kipushi, labda ni tanuru za matofali. Mwenye kujua anijibu hapa hapa, msinipigie inbox.

Papa_Likasi · Jumanne 20:15

Tanuru ya matofali haiwaki mwaka mzima, mvua hairuhusu. Angalia tarehe zake kwanza.